ELIMU KWA WANANCHI: KIMO CHA KINGO ZA DARAJA KWA WAPANDA BAISKELI

Baiskeli inategemewa na watu wengi, mjini na mashamba, Unguja na Pemba, kwa kwendea kazini, skuli na sokoni. Kwa hivyo inafaa watendaji wanaosimamia madaraja, pamoja na wananchi wanaoyatumia, wafahamu kwa nini ukingo unaomtosha mtu anayekwenda kwa miguu huenda usimtoshe aliyepanda baiskeli.

Mtu mzima akisimama, kiini cha uzito wa mwili wake huwa karibu na kitovu, yaani chini kidogo ya mita 1 kutoka ardhini. Akiyumba na kuuegemea ukingo wa mita 1, ukingo humrudisha ndani. Aliyepanda baiskeli hali yake ni nyengine. Kiti chenyewe hukaribia mita 1, na kiwiliwili chote kiko juu ya kiti. Baiskeli ikigonga ukingo mfupi, chombo husimama lakini mwili huendelea na mwendo, na ukingo uliowekwa kumzuia ndio unaompindua.

Nchini Uingereza, kingo za madaraja ya wapanda baiskeli huwekewa kimo cha mita 1.4. Nchini Marekani, kanuni za madaraja ziliwahi kutaka kimo kinachokaribia hicho. Mwongozo wa AASHTO wa mwaka 1999 ukataja kima cha chini cha mita 1.1. Tofauti hiyo ina maana. Mpandaji anayekwenda sambamba na ukingo kwa kawaida huugusa kwa ubavu tu. Penye kona, mteremko au upepo mkali, huweza kuugonga kwa kuukabili, na hapo kimo kikubwa zaidi ndicho salama.

Wanaosanifu, kujenga au kukagua madaraja wazingatie haya:

1. Kimo kipimwe kutoka pale gurudumu linapopita. Ukingo wa mita 1.1 ukiongezewa barabarani matabaka mawili ya lami, kila moja sentimita 5, hubaki mita 1 tu, ingawa haukuguswa.

2. Iwapo kuna tuta la zege pembeni ambalo baiskeli huweza kupanda, kimo kipimwe kutoka juu ya tuta hilo.

3. Kwenye usawa wa usukani, takriban mita 1.1, uwekwe upau laini wa kuambaa, usio na nguzo wala ncha zinazojitokeza, ili usukani usinaswe.

4. Iachwe nafasi ya kiasi cha sentimita 60 baina ya njia ya baiskeli na ukingo.

Matengenezo ya barabara yasihesabiwe kuwa yamekamilika kabla ya kingo kupimwa upya. Wananchi nao wanaombwa kumpa taarifa Sheha wa eneo lao mara waonapo ukingo uliovunjika, uliolegea au uliozama kwa kuongezwa lami, bila ya kusubiri mtu aanguke.