Kupiga Picha za Nchi: Mstari Uongozao Jicho

Mtu apandaye kilima na kuona nchi nzuri mbele yake hupiga picha kwa furaha. Lakini aitazamapo nyumbani huiona tupu: mbingu juu, majani chini, na jicho halijui pa kwenda. Kosa si la kamera. Mpiga picha hakutafuta mstari wa kuliongoza jicho.

Barabara, mto, ua na safu ya miti ni mistari. Mstari ukianzia karibu na mpiga picha na kwenda mbali, jicho huufuata, na ukubwa wa nchi huonekana hata katika picha ndogo.

Mfano mzuri ni vilima vya Machakos, ambako wakulima wamechimba matuta ili mvua isichukue udongo. Mtu akisimama bondeni na kuuelekea mteremko, matuta huikata picha kwa upana, na jicho huzuiwa kama kwamba limefika penye ua. Lakini akienda kando na kusimama juu ya tuta lenyewe, tuta hilo huuzunguka mlima na kulichukua jicho mpaka nyumba ya mwenye shamba.

Yafaa kukumbuka mambo matatu. Kwanza, mstari ufike penye kitu: nyumba, mti au mtu alimaye. Pili, uanzie karibu na pembe ya chini ya picha. Na mpiga picha akipiga magoti, utaonekana wenye nguvu zaidi. Tatu, picha ipigwe asubuhi au jioni, kwa maana jua la utosini huondoa vivuli, na matuta hayatambulikani.

Hata hivyo, mstari waweza kulipotosha jicho. Mtu akichagua tuta zuri na kuliacha nje korongo lililo kando yake, picha itapendeza, nayo itadanganya.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1937 zilipigwa picha za Machakos zilizoonyesha ardhi tupu iliyoharibiwa na mvua. Zaidi ya miaka 50 baadaye, wataalamu walisimama mahali pale pale wakapiga tena, na penye ardhi tupu pakaonekana matuta na miti. Kama picha za kwanza zingalificha uharibifu, kazi ya wakulima isingalikuwa na shahidi.

Basi mpiga picha achague mstari uongozao kwenye ukweli, tena aandike mahali aliposimama na tarehe.