Andika Ulichokiona: Kumfundisha Mwanafunzi Kupanga Jaribio na Kuliandikia Ripoti



Ndugu zangu, wengi wetu hapa Mbale tutakwenda mazoezi ya kufundisha, wengine katika shule za mjini hapa, wengine Jinja. Hata sisi wa masomo ya Kiislamu huenda tukaombwa kumsaidia mwalimu wa sayansi, au kuwafundisha wadogo zetu wakati wa likizo. Mtaala mpya wa sekondari ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE mwaka 2024. Mtaala huu unamtaka mwanafunzi apange jaribio mwenyewe na kuliandikia ripoti, si kufuata tu maelekezo aliyochapiwa. Basi tujifunze kwa mfano mmoja: maji yanayochemka.

Kila mwanafunzi amekariri kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Hiyo ni kweli ufukweni, kama Mombasa au Tanga. Mbale na Jinja ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka mapema, karibu na nyuzi 96. Kwenye kilele cha Wagagai katika Mlima Elgon, mita 4,321, huchemka karibu na nyuzi 86.

Sasa mwanafunzi anasoma kipimajoto, anaona 96, anakumbuka kitabu, anaandika 100. Hajakosea kusoma, ila ameshuhudia asichokiona. Kazi yetu kubwa maabarani ni kumwondoa hapo.

Kabla ya kugusa vyombo

Usimpe hatua. Mpe swali: je, maji yakiwa mengi, huchemka kwa joto la juu zaidi kuliko yakiwa machache? Kisha mpe dakika kumi za kuandika mpango wenye mambo haya:

1. Lengo. Anataka kujua nini? Sentensi moja inatosha.

2. Dhana. Anatarajia nini, na kwa nini? Wengi wataandika kwamba maji mengi yatahitaji joto la juu zaidi. Usiwasahihishe. Jaribio litawajibu.

3. Kinachobadilishwa, kinachopimwa na kisichobadilishwa. Hapa kinabadilishwa kiasi cha maji: sentimita za ujazo 100, 200 na 300. Kinapimwa joto la kuchemka na muda wa kufika hapo. Visivyobadilishwa ni moto, chombo, kipimajoto na joto la maji ya kuanzia. Vitu viwili vikibadilika kwa pamoja, hatajua kipi kimeleta matokeo.

4. Vifaa na hatua. Kipimajoto kishikwe na stendi, ncha yake iwe ndani ya maji bila kugusa chini ya chombo, kwa sababu chini ndiko kwenye moto.

5. Hatari na kinga. Mvuke unaunguza, na spiriti inashika moto haraka. Aandike atajikinga vipi.

Wakimaliza, wabadilishane mipango na jirani. Kama jirani hawezi kufanya jaribio kwa kusoma karatasi ile bila kuuliza, mpango haujakamilika.

Wakati wa kupima

Jedwali lichorwe kwanza, vipimo vikiwa juu ya kila safu: dakika, nyuzi. Namba iandikwe papo hapo kwa kalamu ya wino. Akikosea, apige mstari mmoja ili namba ya zamani ibaki ikionekana. Kila kiasi cha maji kipimwe mara tatu, kisha itafutwe wastani.

Kuandika ripoti

Matokeo yaje kwanza, maelezo baadaye. Kama alipima vizuri, ataona kwamba maji mengi yalichelewa kuchemka, lakini joto la kuchemka lilikuwa lile lile au karibu sana. Basi dhana yake imeanguka, na hitimisho liseme hivyo waziwazi. Kisha aeleze kwa nini ni karibu 96 na si 100, na ataje kilichoweza kupotosha vipimo, kama vile kusoma kipimajoto kwa jicho lililo juu au chini ya usawa wa alama.

Nawe mwalimu, usimkate alama aliyeandika 96, wala 95 au 97 kama ndivyo alivyosoma. Ukimpa alama aliyeandika 100, umewafundisha darasa zima kudanganya.

Kwetu sisi Waislamu

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Suratul-Israa aya ya 36 inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na kutukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Wanazuoni wa hadithi walimchunguza kila msimulizi: alimsikia nani, na je, ni mkweli? Ripoti ya maabara inahitaji uaminifu huo huo.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu mwaka 1040, aliandika Kitab al-Manazir kuhusu mwanga na kuona, akasisitiza kupima badala ya kukubali maneno ya waliotangulia. Inasimuliwa kwamba alikuwa na mpango wa kuyadhibiti maji ya Nile, mto huu huu unaotoka ziwani pale Jinja, na mtawala al-Hakim akamwita aufanye. Alipofika upande wa Aswan na kuuona mto kwa macho yake, alikiri kwamba mpango hauwezekani. Dhana ilianguka mbele ya mtawala, naye akasema alichokiona.

Mwanafunzi wetu anaogopa kupoteza alama mbili tu. Tumfundishe kwamba namba aliyoiona ni amana, na kalamu yake ni shahidi.