Somo la Afya: Ukihisi Una Ugonjwa wa Sukari, Ufanyeje na Chakula cha Mgao?

Katika somo la toleo hili tunajibu swali ambalo wazazi wengi hapa Nakivale hutuuliza baada ya ibada, hasa waliovuka miaka 40: "Usiku naamka mara nne kukojoa, kiu haiishi, macho yanaona ukungu. Jirani ameniambia ni sukari. Sasa nile nini, na mimi ni mtu wa mgao?"

Swali hili lina uzito. Mashauri mengi juu ya kisukari yametungwa kwa ajili ya mtu anayeingia sokoni na kuchagua anachotaka. Yanataja samaki wa kuoka, mkate wa ngano isiyokobolewa na matunda ya kila rangi. Sisi tunaanzia kwenye mfuko wa unga, bakuli la maharage na mafuta kidogo, au fedha za mgao zinazonunua hayo hayo. Kwa hiyo tuseme yale yanayowezekana hapa.

Pima kwanza

Usibadilishe chakula kwa kusikia tu neno la jirani. Nenda kituo cha afya ukaombe kipimo cha sukari. Ni tone moja la damu ya kidole. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, baada ya kukaa saa 8 bila chakula, sukari iliyo chini ya 6.1 ni ya kawaida. Kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni hatua ya katikati: bado si kisukari, lakini njia inaelekea huko. Ikifika 7.0 au zaidi ni kisukari, na kwa kawaida kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuhakikisha. Mashine nyingine husoma kwa miligramu, na hapo 7.0 huonekana kama 126. Usishtuke kwa ukubwa wa namba, uliza ni kipimo gani.

Ikiwa unakonda bila sababu, omba upimwe na kifua kikuu pia. Magonjwa haya mawili hufuatana, na mwenye kisukari hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Tena mtu anayekonda asiambiwe na yeyote apunguze kula. Kupunguza ni kwa mwenye uzito uliozidi.

Mtoto au kijana ni habari nyingine kabisa. Akiwa na kiu kali, akaanza tena kukojoa kitandani, akakonda kwa wiki chache, kisha akatapika na kupumua kwa nguvu, msingoje kesho wala msidhani ni malaria tu. Mpelekeni siku hiyo hiyo na mseme wazi, "Tunaomba apimwe sukari." Mtoto wa namna hii anahitaji insulini. Hakuna chakula wala majani yatakayomwokoa.

Sukari isiyo tamu

Watu wengi wakiambiwa wana sukari huacha kutia sukari kwenye chai, halafu wanakaa mbele ya mlima wa ugali na moyo umetulia. Ugali hauna utamu, lakini tumboni huvunjwa na kuwa sukari, nayo huingia kwenye damu. Ndivyo ilivyo kwa fufu ya muhogo, wali, matoke, viazi na chapati.

Tufanye hesabu. Mgao kamili hupangwa kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Katika mgao wa namna hiyo nafaka huwa kama gramu 400, maharage gramu 60 na mafuta gramu 25. Zile gramu 400 za unga peke yake huleta kalori kama 1,400, yaani theluthi mbili ya chakula chote. Miaka ya karibuni mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja, na kinapopungua chakula, kinachobaki sahani hizo ni unga zaidi. Hatusemi hivyo ili kulaumu. Tunasema ili mjue mahali tatizo lilipo kwenye sahani.

Na hapa tuseme jambo ambalo baadhi yenu hawatalipenda. Wengi wetu tukipokea maharage tunauza sehemu yake tupate sabuni, sukari na mchele. Sabuni tunaielewa. Lakini mwenye kisukari anayeuza maharage ili anunue sukari na mchele amebadilisha chakula kinachomfaa kwa kile kinachomuumiza. Maharage, dengu na mbaazi huyeyuka polepole tumboni, hupandisha sukari taratibu na hushibisha kwa muda mrefu. Kama ni lazima kitu kiuzwe nyumbani, basi kiuzwe unga kidogo na maharage yabaki.

Kwenye sahani

Kipimo rahisi ni kuigawa sahani kwa macho. Nusu iwe mboga za majani, robo iwe maharage au ndagala, na robo ndiyo ya ugali. Kwa mkono wako mwenyewe, ugali uwe kama ngumi moja. Anayelima kutwa nzima anaweza kuongeza nusu ya ngumi au zaidi, kwa maana mwili unaofanya kazi huitumia ile sukari. Anza na mboga na maharage, ugali uje nyuma. Mpango huo mdogo tu hupunguza jinsi sukari inavyopanda baada ya kula.

Tatizo letu ni sinia. Tukila pamoja hakuna anayejua amekula ngumi ngapi, na mama mwenye kisukari ndiye anayemalizia yaliyobaki ili yasitupwe. Tunashauri apakuliwe chake kwanza kwenye sahani yake, kisha akae na wenzake kama kawaida. Si kujitenga, na watoto wakielezwa wanaelewa haraka kuliko watu wazima.

Nusu sahani ya mboga inaonekana ndoto mpaka ukumbuke lengalenga, ule unaoitwa mchicha Tanzania na dodo hapa Uganda. Huota hata kwenye gunia la udongo lililowekwa mlangoni, likamwagiliwa maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni, na baada ya wiki tatu au nne unaanza kuchuma. Majani ya maboga, majani ya kunde na kabichi yanafaa vilevile. Sombe ni nzuri pia, ila iive vizuri, na mafuta yawe ya kijiko si ya kikombe.

Ukipokea au kununua mahindi ya punje, mwambie mwenye mashine asiyakoboe. Unga wa dona una makapi yake na hushibisha kuliko ule mweupe. Lakini msidanganyike: dona nayo ni ugali, na ngumi ni ile ile.

Vya kuacha ni vichache. Soda ni ya kwanza. Chupa ya mililita 300 huwa na sukari ya gramu 30 hivi, karibu vijiko 8 vya chai, na huingia kwenye damu haraka kwa sababu ni maji. Maji ya miwa na juisi za pakiti ni ndugu zake. Asali pia ni sukari, hata ikitoka msituni. Mandazi ya asubuhi yana unga mweupe, sukari na mafuta kwa pamoja. Uji unywe bila sukari. Uji wa lishe aliopewa mtoto kliniki ni wa mtoto. Na wale wanaosema majani machungu huua sukari kwa uchungu wake, tunawaambia kwa upole kwamba uchungu wa mdomoni haukutani na sukari iliyo kwenye damu.

Je, inasaidia kweli?

Kwa walio kwenye hatua ya katikati, inasaidia sana. Mwaka 2002 Marekani ilitoka taarifa ya utafiti wa watu 3,234 wa hali hiyo. Waliopunguza chakula na uzito, wakatembea kwa miguu dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini ilishuka kwa asilimia 31. Kutembea hapa hatukosi. Anayekaa dukani au kwenye cherehani kutwa ndiye wa kujipangia nusu saa ya kutembea, siku tano za wiki.

Dawa, njaa na kufunga

Kama umeshapewa dawa, usiiache kwa sababu umeanza kula vizuri au kwa sababu umeombewa. Omba, meza dawa, na urudi kupima, kipimo kitasema.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi yuko kwenye hatari ya upande wa pili: sukari kushuka mno. Hutokea mwisho wa mwezi chakula kikiisha, na hutokea katika siku za kufunga. Kabla ya kufunga, au unapoona chakula kinaelekea kuisha, mwone mhudumu wa afya akueleze dawa uitumieje, usikisie. Asiyeruhusiwa kufunga ashiriki maombi huku amekula.

Dalili zake ni jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na maneno kuchanganyika. Hapo sukari ndiyo dawa: vijiko vinne vya chai kwenye nusu kikombe cha maji, anywe mara moja, kisha ale chakula. Baada ya dakika 15 asipopata nafuu, apewe tena. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na abebwe kituoni upesi, na anayemsindikiza achukue vidonge vyake vyote.