Waridi la Mkebeni na la Bustanini

Mche wa waridi mliouza ukifia kwa mnunuzi, harudi tena. Mara nyingi kisa ni maji. Mkebe usio na matundu huozesha mizizi. Toboeni chini kwanza, ndipo mtie udongo uliochanganywa na mbolea ya boma iliyooza vizuri. Mkebe hukauka upesi kuliko bustani, kwa hivyo tieni kidole: udongo ukiwa mkavu ndani, mwagilieni. La bustanini lataka maji mengi, si kila siku, tena shinani, asubuhi. Majani yakilala na maji, madoa meusi yanaingia. Yaliyoanguka sisi huyaokota tukayachoma. Kwa mboji hapana. Na jua lifike muda wa saa 6 kwa siku, hata kama kivulini ndiko mkebe unapendeza.