Mashujaa na Madoa Yao

Mwezi huu twapenda kuwaza pamoja nanyi, hasa ninyi walimu wa Kipaimara, juu ya mashujaa. Wako waonao kwamba jambo hili ni la watoto tu. Lakini mtoto wa Haydom, awe Mwiraqw au Mdatoga au Mnyiramba, huketi jioni mbele ya televisheni au simu ya kaka yake, naye huja darasani kichwa chake kimekwisha kujaa watu warukao angani. Mwalimu amwelezapo habari za Daudi, mtoto humtia Daudi katika kundi hilo. Basi yatupasa kulijua kundi lenyewe.

Wako kwanza mashujaa wasio na doa. Superman, aliyebuniwa na vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, alitokea katika kitabu cha picha mwaka 1938. Hushinda, wala hatamani kitu cha mtu. Udhaifu aliopewa baadaye ni jiwe litokalo katika sayari alikozaliwa. Wasomaji wa utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, watakumbuka neno lifananalo na hilo: Liyongo hauawi kwa silaha yo yote ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ikamfikia mwanawe mwenyewe, naye akamchoma usingizini. Tazameni, jiwe na sindano ni udhaifu wa mwili tu. Moyo wa shujaa hauguswi, na akifa, kosa ni la yule aliyemsaliti. Samsoni huonekana kufanana nao, maana watu hutaja nywele zake. Lakini someni Waamuzi 16 polepole. Mara tatu Delila alimwita akisema kwamba Wafilisti wamemjia, na mara tatu Samsoni akabaki nyumbani mwake. Ugonjwa wake haukuwa katika nywele.

Kisha wako mashujaa wenye madoa. Mwaka 1962 Stan Lee na Steve Ditko walimleta kijana aitwaye Spider-Man, ambaye kwa kiburi alimwacha mwizi apite, na mwizi yule yule akamwua ndugu ya baba yake aliyemlea. Huku kwetu Lance Spearman wa gazeti la picha African Film alikuwa hashindwi. Lakini katika gazeti la Sani waliopendwa ni Lodi Lofa na Ndumilakuwili, ambao majina yao yatosha kueleza tabia zao. (Ndumilakuwili twamfahamu sana, hakosekani katika usharika wo wote.)

Hadithi za televisheni zisimuliazo safari za nyotani zilipita njia hiyo hiyo. Star Trek ilianza mwaka 1966, na ndani yake yumo afisa aitwaye Uhura, jina lililotolewa katika neno letu uhuru. Mwanzilishi wake, Gene Roddenberry, alipoleta mfululizo mwingine mwaka 1987 hakutaka watu wa chomboni wagombane, kwa kuwa aliamini kwamba katika karne zijazo wanadamu watakuwa wameishinda tabia hiyo. Waandishi wake walilalamika, maana pasipo ugomvi hadithi hukauka. Roddenberry alifariki mwaka 1991. Mwaka 1998, katika mfululizo uitwao Deep Space Nine, nahodha Sisko alionyeshwa akitumia uongo na rushwa ili kuliingiza taifa jingine vitani upande wake, na watu wakauawa kwa ajili ya hila hiyo. Usiku akaketi peke yake akaungama yote mbele ya mashine itunzayo kumbukumbu. Mwisho akasema kwamba aweza kuishi na jambo hilo, akaiamuru mashine ifute yote.

Twaiona hadithi hiyo kuwa bora kuliko nyingi, maana haikufanya dhambi kuwa pambo la shujaa. Lakini ungamo lile halikuwa na msikiaji, wala hakuna aliyemjibu. Daudi hakuachwa hivyo. Katika 2 Samweli 11 Uria anaichukua kwa mkono wake mwenyewe barua ya kufa kwake, na katika sura ya 12 Nathani anaingia mlangoni. Mwandishi angeweza kuiacha habari hiyo. Twajua angeweza, kwa sababu yuko aliyeiacha: 1 Mambo ya Nyakati 20 yaanza na vita ile ile ya Raba, yasema Daudi alikaa Yerusalemu, kisha yaenda moja kwa moja hadi taji la mfalme aliyeshindwa. Bathsheba hayumo, wala Uria. Hatusemi kwamba mwandishi huyo alidanganya, kwa maana katika sura ya 21 alieleza wazi dhambi ya kuwahesabu watu. Lakini Kanisa limepewa vitabu vyote viwili, na Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, alimtaja mwanamke yule kwa jina la Uria.

Kijana atasema, "Hata Daudi alizini." Mwalimu asikasirike. Amwulize tu Nathani alisema nini, na mtoto aliyezaliwa alipatwa na nini.

Nasi tu wepesi wa kuandika Mambo ya Nyakati 20. Sikilizeni wasifu usomwao kaburini: marehemu hakumkosea mtu kamwe, hata jirani zake hutazamana. Vivyo hivyo historia za sharika zisomwazo siku ya jubilei. Hata habari za wamisioni wa Norwei walioanzisha hospitali ya Haydom mwaka 1955, na za wenyeji waliofanya kazi nao, tukizisimulia kana kwamba hawakuchoka wala kuogopa, muuguzi kijana achokaye leo katika zamu ya usiku atadhani yeye peke yake hakuitwa. Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi; hakusema kwamba wazee wetu hawamo.

Kwa somo la mwezi huu, mwalimu asome kwa sauti 1 Mambo ya Nyakati 20:1-3, kisha 2 Samweli 11 na 12 nzima, asitangulize maelezo yo yote. Wanafunzi wataje wenyewe kilichoachwa, na kila mmoja aseme kama angependa kiachwe.