Somo la Wiki: Waliotawanyika Wakajenga Kanisa
Andiko: Matendo 11:19–26

Kanisa la Antiokia halikuanzishwa na mitume. Lilianzishwa na waumini waliotawanywa na mateso baada ya kifo cha Stefano. Huko ugenini, watu wa Kipro na Kirene waliwahubiri hata Wayunani.

Sisi nasi tumetawanyika: wengine kwa vita, wengine kwa kutafuta riziki. Basi tusimwachie mchungaji kazi hii peke yake. Jirani aliyefika juzi hana gari, na zamu yake ya usiku inaisha Jumapili asubuhi. Tumpigie simu, tumfuate, tule naye.

Swali la kujadili nyumbani: Barnaba alisafiri hadi Tarso kumtafuta Sauli. Je, wiki hii sisi tutamtafuta nani?