Fuwele katika Mavi ya Chuma: Namna ya Kulifundisha Somo Hili

Wanafunzi wengi wa Kemia huweza kutamka kwamba mavi ya chuma ni uchafu utokao tanurini. Wakiulizwa kwa nini uchafu huo una fuwele ndani yake, hunyamaza. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu wa Unguja namna ya kulifafanua jambo hilo kwa vitu vinavyopatikana sokoni.

Maelezo ya Msingi

Katika tanuri la asili, mhunzi huchanganya mawe ya chuma na mkaa, kisha huvukuta mivukuto. Gesi itokanayo na mkaa huondoa oksijeni katika mawe, chuma kikabaki. Chuma hicho hakifikii kuyeyuka, kwani huhitaji 1538°C. Lakini sehemu ya oksidi ya chuma huungana na silika iliyomo katika mawe na udongo, nayo huyeyuka karibu na 1200°C ikatiririka chini. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Yakipoa polepole, chembe zake hupata wasaa wa kujipanga, zikawa fuwele kubwa za fayalaiti (Fe₂SiO₄). Yakipoa ghafla, chembe hunaswa kabla hazijajipanga, yakawa kama kioo. Ndiyo sababu ngozi ya nje ya pande moja huweza kung'aa kama kioo, na ndani mkawa na fuwele, ambazo aghalabu huonekana kwa hadubini tu.

Mwenendo wa Somo

Vifaa: shabu, maji ya moto, bilauri mbili, beseni la maji baridi na kitambaa kizito.

1. Wanafunzi wakoroge shabu katika maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, kisha wamimine maji hayo, bila masimbi, katika bilauri zote mbili.
2. Bilauri ya kwanza itiwe katika beseni na kukorogwa. Ya pili ifungwe kitambaa na isiguswe hadi kesho yake.
3. Walinganishe ukubwa wa fuwele na kuandika sababu.

Mwalimu atahadhari na neno "kuyeyuka". Twasema chumvi imeyeyuka majini, na samli imeyeyuka motoni. Shabu ni mfano wa kwanza. Mavi ya chuma ni mfano wa pili, kwani tanurini hamna maji. Kinacholingana ni athari ya mwendo wa kupoa.

Kuhusisha Somo na Mazingira

Mwanafunzi asidhani kwamba ufundi huu ni wa ng'ambo tu. Mavi ya chuma yamechimbuliwa Unguja Ukuu, mji uliostawi tangu karne ya 7 hivi. Huko Buhaya, mkoani Kagera, wazee waliwasha tena tanuri la asili katika miaka ya 1970, na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery wakachapisha matokeo mwaka 1978. Darasa likizuru Unguja Ukuu, wanafunzi watazame na kuchora, wala wasiokote: pande likiondolewa mahali pake, hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake.

Maswali ya Kupima

1. Kwa nini mavi ya chuma hutiririka hali chuma hakijayeyuka?
2. Pande moja lina fuwele kubwa, jingine ni kama kioo. Lipi lilipoa upesi? Toa sababu.